Kuomba chuo kikubwa Marekani na nyumbani hakuna kitu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka tu, vijana wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, huja na swali moja: nimepata A, Harvard watanichukua? Mimi huwauliza langu kwanza. Nyumbani kwenu mnaweza kulipa shilingi ngapi kwa mwaka? Wengine hucheka. Lakini kwa anayeomba akiwa nje ya Marekani, jibu hilo ndilo linaloamua uombe wapi, na kwingine huamua hata kama utachukuliwa.

Viko vyuo vichache ambavyo wakati wa kuchagua havitazami mfuko wako hata kama wewe ni mgeni, na vikishakuchukua hulipa pengo lote ambalo wazazi hawaliwezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin waliingia mwaka wa 2022. Wako wengine, kama Stanford, wanaoahidi kulipa pengo lote la kila mgeni waliyemchukua, ila kabla ya kumchukua hupiga hesabu atawagharimu kiasi gani. Hapo umaskini wako unaingia kwenye mizani. Si siri, wameandika wenyewe kwenye kurasa zao za msaada wa karo. Soma pale, usisome kwingine.

Waliobaki, nao ndio wengi kabisa, hutoa udhamini wa sehemu. Hapo ndipo tunapoumia. Barua inakuja: hongera, umechukuliwa, tumekupa dola 25,000 kwa mwaka. Vigelegele, halua, mama anapiga simu hadi Lamu. Ukifungua karatasi ya pili, gharama yote ni dola 60,000. Zile 35,000 zilizobaki ni kama milioni 4.5 za Kenya, kila mwaka, miaka minne, na viza hupewi mpaka uonyeshe zitatoka wapi. Harambee ya mtaa hukata tiketi ya ndege na kununua sweta. Haisomeshi mtu miaka minne. Kwa hiyo chuo ambacho hakilipi pengo lote, kwa mtoto wa nyumba isiyo na kitu, kifute kwenye orodha hata kama kinachukua nusu ya wanaoomba.

Sasa nafasi yenyewe. MIT huchukua watu chini ya 5 katika kila waombaji 100, na kwa wageni idadi hiyo hushuka hadi karibu 2. Kijana mmoja alinipigia hesabu: nikiomba vyuo kumi vya namna hiyo, si nina asilimia 20? La. Vyuo hivyo vinasoma faili moja, ile ile. Kama insha yako haina uhai na mwalimu amekuandikia mistari mitatu ya "ana nidhamu na ni msafi", utakataliwa kote kwa sababu moja. Kuongeza vyuo kunasaidia pale tu faili ikiwa nzuri.

Na faili nzuri si A peke yake, maana wengi wanaoomba kutoka Kenya wana A. Wanachotazama ni ulifika wapi ukitokea wapi. Uliyefundisha wenzako fizikia baada ya magharibi kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wa fizikia muhula mzima, andika hilo, na mwalimu mkuu alithibitishe kwenye ripoti ya shule. Mtu wa ofisi ya uandikishaji kule Boston hawezi kulijua msipomwambia. SAT nayo, mtihani wa Kimarekani wa kuombea chuo, ijaribu mapema. Ada yake kwa mgeni inapita dola 100, lakini mazoezi ya mtandaoni ya Khan Academy ni bure.

Fomu ya fedha ndiyo inayochukua usiku wetu mwingi. Vyuo vingi vya aina hii hutumia CSS Profile, fomu ya mtandaoni inayouliza mapato na mali ya familia, nayo imetungwa kwa watu wenye hati za mshahara. Baba ni dereva wa tuktuk ya mtu. Tunakaa naye, tunamuuliza: ukishampa mwenye tuktuk hesabu yake na kutoa mafuta, unabaki na ngapi? Anasema mia nane siku nzuri. Siku ngapi kwa mwezi? Ishirini na tano, Ramadhani pungufu. Basi ni kama shilingi 240,000 kwa mwaka, chini ya dola 2,000. Andika hivyo hivyo. Usipunguze ili uonekane maskini zaidi, wala usiongeze kwa kuona haya.

Mama anauza mahamri na ni mweka hazina wa chama. Ukitoa taarifa yake ya M-Pesa, utakuta laki kadhaa zimepita humo na si zake. Eleza kwenye sehemu ya hali maalumu, na mwenyekiti wa chama aandike barua. Kisha nyumba. Fomu itauliza ina thamani gani ikiuzwa. Mombasa wengi wetu tuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, kiwanja cha mwingine. Mmarekani hajui jambo hilo, mweleze kwa mistari minne na uambatishe risiti ya kodi ya kiwanja. Ada ya maombi usilipe, omba usamehewe, wengi husamehe. Na yule wa mjini anayetaka elfu hamsini kwa sababu "ana mtu wake ndani", hana mtu.

Kalenda ndiyo huleta ugomvi nyumbani. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, wakati matokeo ya KCSE kwa kawaida bado hayajatoka, hivyo wengi husubiri mwaka mzima wakiwa na matokeo mkononi. Katikati KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, inakuita Chuo Kikuu cha Pwani au Technical University of Mombasa, na baba anasema nenda. Kubali nafasi, kisha kiombe chuo kwa maandishi kikuahirishie mwaka. Ukiingia darasani ukamaliza mwaka mzima wa digrii, Harvard na MIT hawatakuhesabu tena kuwa mwombaji wa mwaka wa kwanza, utakuwa anayehamia, na hizo nafasi ni chache mno. Wakikataa kuahirisha, na ulichoitiwa ni udaktari, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, imekubali, mimi ningeenda kusomea udaktari.