Muulize Fundi: Kinu kimepigwa mara moja, spika imelia mara tatu

Fundi assalaam alaykum. Mie mwalimu wa skuli hapa Wete, nna watoto 12 tunataka kufanya ngoma ya vyombo vya jikoni, kinu, sufuria, upawa na mbuzi ya kukunia nazi, kila kimoja tumekibandika piezo tukaunga kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, na kile kichezeshi cha sauti cha DFPlayer Mini chenye kadi. Mbuzi tunaigonga kibao kwa kiganja, inatoa sauti ya tari tuliyopakua mtandaoni. Sasa mtoto anatwanga mara moja spika inalia mara tatu, akigonga sufuria na kinu nacho kinajibu, halafu sauti inachelewa, mtoto keshainua mchi ndo inatoka. Siku ya wazazi hiyo imefika. Tumekosea wapi?
Mwalimu, Wete

Waalaykum salaam maalim. Hamjakosea sana, hapo mlipokwama ndo wanapokwama wote siku ya kwanza, mie mwenyewe nilishawahi kukesha na ndoo ya plastiki ambayo ilikuwa inalia peke yake kila gari likipita barabarani.

Piezo ile, kisahani cha shaba chenye duara nyeupe katikati, kazi yake ni kutoa umeme ikipindwa au ikitikiswa hata kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waliligundua jambo hili mwaka 1880, lakini huna haja ya kwenda mbali, kiberiti cha gesi kile cha kubonyeza, tak! cheche, ndo mambo hayohayo. Sasa kinu ukikitwanga hakinyamazi papo hapo, kinatetema, na kisahani kinatetema nacho, kwa hiyo bodi inayosoma mara elfu kadhaa kwa sekunde inaona nguvu ya mtetemo kwa nambari, 700, kisha 150, kisha 420, kisha 90, kisha 260, na nyie mmeiambia kila ikivuka 100 piga, basi inapiga, mara 3, ikitaka hata 5. Bodi haina kosa hapo.

Dawa yake ni kuiziba masikio. Ikishasikia pigo la kwanza iambie isisikilize tena kwa milisekunde 50, halafu ndo ifungue. Kama watoto wanatwanga kwa kupokezana, michi miwili mitatu kwenye kinu kimoja kama wafanyavyo kina mama wenye harusi, teremsha mpaka 30 uone. Na hakikisheni kila piezo ina rezista, kile kidude cha kubana umeme, ya megaohmu 1 kati ya waya zake mbili, bila hiyo umeme hauna pa kushukia na nambari zinaelea tu hata chombo hakijaguswa. Kwenye kinu, maana mchi hauna huruma, ongezeni na zena, diodi inayozuia umeme usizidi kiasi, ya volti 5.1 kuilinda pini, ule mguu wa bodi unaoingia waya.

La sufuria kumwamsha kinu hilo nadhani vyote mmevipanga juu ya meza moja. Mbao inabeba mtetemo vizuri mno. Tafuteni ndara zilokatika, kateni vipande, kila chombo kiwekewe miguu mitatu ya ndara, utashangaa. Ikibaki kidogo iko sababu nyengine ya ndani ya bodi, ile Uno inasoma pini moja baada ya nyengine kwa mlango mmoja, na piezo ni dhaifu, kwa hiyo nambari ya pini iliyotangulia inabakia bakia, soma kila pini mara mbili na ile ya kwanza itupe.

Kuchelewa sasa. Hapa nitakuudhi maalim kwa sababu nnajua mmeshanunua. DFPlayer Mini ni kidude kizuri lakini si cha ngoma, kila ukikiamrisha kinakwenda kulitafuta faili kwenye kadi ndo kianze, na kinacheza faili moja tu kwa wakati mmoja, yani upawa ukigongwa unamkatisha kinu kauli. Kiwekeeni kazi ya sauti ndefu, mawimbi ya bahari mwanzo wa onyesho labda. Kwa mapigo tafuteni bodi ya Leonardo au Pro Micro, zile zina chipu ya ATmega32U4 ambayo kompyuta inaiona kama chombo cha midi, yani lugha ya vyombo vya muziki kwa kompyuta, unachomeka USB na laptop ya skuli inatoa sauti hapohapo. Na mkiwa mnachapisha nambari kwenye skrini kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ili muzione, futeni huo mstari kabla ya onyesho, kila herufi inakula kama milisekunde moja, andika mistari mitatu mirefu umeshachelewa.

Nimeiacha mbuzi makusudi, maana hii mie inanikera kila nikiiona. Kwani kukuna nazi ni kupiga? Mmeifanya mbuzi iwe swichi, mtoto anaigonga kibao kwa kiganja na spika inatoa sauti ya tari ya kupakua mtandaoni, sasa hapo mbuzi ya nini, si ungetumia hata boksi la viatu. Itoeni kwenye bodi kabisa. Ile piezo ibandikeni chini ya ubao, karibu na pale chuma kinapoingia, kwa gundi kavu isiyobonyea, waya zake muziunge moja kwa moja kwenye spika yenye amplifaya yake, kwenye tundu la gita kama lipo kwa sababu tundu la kawaida linainyonya ile sauti nzito na inabaki nyembamba kama ya mbu. Halafu mkalisheni mtoto akune nazi kwelikweli. Mtasikia kwanza inakwenda laini, khrr khrr, nyama bado nene, akizungusha sauti inapanda kidogo, na pale nyama inapokwisha meno yakagusa kifuu inakatika inakuwa kavu, ile sauti ambayo mama yako akiisikia yupo uani anakwambia basi hiyo, utatia weusi kwenye tui. Hakuna tari inayoweza hivyo. Mkitaka sensa ifanye kazi zaidi, wekeni kipimo cha mwanga ndani ya bakuli linalopokea nazi iliyokunwa, bakuli likijaa mwanga unapungua, na mwanga ukipungua sauti ya spika inashuka. Hapo kukuna kwenyewe ndo kunapiga muziki.

Fundi vipi, nimefunga HC-SR04, ile sensa ya kupima umbali, mlangoni, mtu akikaribia sauti inapanda, akienda mbali inashuka. Kwangu mie inafanya kazi safi, dada yangu akija kajitanda kanga inaruka ruka tu ovyo au haimuoni kabisa. Imeharibika?
Kijana wa Mkunazini

Haijaharibika yakhe. Ile ni kama popo, inapiga ukelele usiosikika, inasubiri mwangwi, inahesabu muda, maikrosekunde 58 kwa kila sentimita, kuanzia sentimita 2 mpaka mita 4. Kitambaa kinaumeza ule ukelele, na mikunjo ya kanga inautawanya kila upande, mwangwi gani utakaorudi? Mpe dada ashike kifuniko cha sufuria mbele yake ujaribu, utaona inatulia. Lakini kumbebesha mtu kifuniko ili mlango umsikie ni mambo gani hayo, bora ubadilishe sensa. Weka taa upande mmoja na kipimo cha mwanga upande wa pili, kanga inapita inakata mwanga, sasa ikawa kanga ndo inayopiga, akiifungua mikono sauti inabadilika. Tumia taa ya betri, zile za umeme wa ukutani nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde na utasikia mngurumo huo ukadhani spika imekufa. Kucheza muziki bila kugusa chombo si jambo geni, Mrusi Leon Theremin alikuwa nacho chombo chake karibu na mwaka 1920, ila kile kinasikia ukaribu wa mkono kwa umeme, na kanga kinaipita kama haipo.

Fundi, mnawasumbua watoto bure. Kidumbak, ngoma yetu ya harusini, kina sanduku la kamba na cherewa za kutikisa na hakijawahi kuomba chaji. Sensa ya nini?
Mzee wa Jang'ombe

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, na mie hapo sibishani na wewe, aliyechukua sanduku la majani ya chai akalitia kamba moja na fimbo, akiivuta fimbo sauti inapanda akiilegeza inashuka, yule keshafanya kazi yote ninayoieleza humu na bila waya. Tatizo langu mie ni moja tu, siku hizi harusini kinanda kinafunguliwa kwenye maspika marefu kama milango, na anayepiga sanduku unamwona mkono tu unakwenda, husikii kitu. Nileteeni sanduku hilo nilibandike piezo moja kwa ndani, kamba siigusi, fimbo siigusi, pesa sitaki. Likikukera useme, nalibandua palepale.