Atlasi Ninaijua, Mezani Ninapotea

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nimo mwaka wa kwanza wa shahada ya udaktari wa fiziotherapia nchini Marekani. Kila usiku ninasoma atlasi ya anatomia, yaani kitabu cha michoro ya viungo vya mwili, hadi saa saba, na hata nikifumba macho ninaziona kurasa zake. Hata hivyo, katika mtihani wa vitendo, ambapo pini huchomekwa kwenye maiti nasi hupewa dakika moja kutaja kilichochomwa, nilipata nusu tu ya alama. Baada ya wiki tatu tutapimwa bega na mkono. Nifanyeje?
Msomaji, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kurasa hizo unazoziona ukifumba macho ndizo zinazokuponza, kwa kuwa mchoraji amekwisha kukufanyia nusu ya kazi: neva (mishipa ya fahamu) amezipaka manjano, ateri (mishipa itoayo damu moyoni) nyekundu, vena (mishipa irudishayo damu moyoni) buluu, na mafuta yote ameyaondoa. Mezani, neva na kano zote ni nyeupe-nyeupe, kwa hiyo huna budi kukitambua kitu kwa njia kinayopita na kwa majirani zake.

Tuchukue kwapa, ambako wengi huanguka. Neva za mkono huanza kwa mizizi mitano itokayo kwenye uti wa mgongo, kuanzia wa tano wa shingo hadi wa kwanza wa kifua. (Shingo ina pingili saba lakini neva nane, kwani ya nane hutokea chini ya pingili ya saba, jambo hilo limewakosesha wengi alama.) Mbele ya ateri ya kwapa neva hizo hufanya umbo la herufi M. Usianze kubahatisha katikati. Tafuta kwanza neva inayotoboa msuli, yaani muskulokutanea inayopenya korakobrakiali (msuli wa sehemu ya juu ya mkono), kwa sababu huo ndio mguu wa nje wa M. Ukiufuata kurudi juu utaikuta neva ya mediani, ambayo ndiyo ncha ya katikati. Mguu wa ndani ni neva ya alna, nawe unaweza kuihakikisha kwa kuiandama hadi nyuma ya kiwiko, pale panapotia ganzi mtu akijigonga. Neva ya radiali usiitafute hapo, kwani imejificha nyuma ya ateri.

Mtandao huo wote uchore kila asubuhi kwenye karatasi tupu, kitabu kikiwa kimefungwa, ndipo ukifungue na kujisahihisha. Siku za mwanzo utaudhika. Ukishaupata bila kosa, uache siku tatu ndipo uuchore tena, kisha uache wiki, na saa ulizokuwa ukikesha uzilale.

Maabara nenda na wenzako wawili, mmoja achomeke pini na mwingine ahesabu dakika, nanyi mhame meza kila mara, maana anayezoea maiti mmoja hukariri kovu na mkato wake badala ya neva. Katika kila jibu andika pia kulia au kushoto. Pini ikikushinda, andika jina la kwanza lililokujia, usogee. Dakika ya meza inayofuata imekwisha kuanza.