Waya Kuingia Ni Jambo Moja, Kufanya Kazi Ni Jingine

SWALI: Nyumbani tuna nyaya nyingi za Taipu-C. Ule uliokuja na spika unachaji simu yangu, lakini nikiuchomeka kwenye kompyuta simu haionekani. Kompyuta mpakato ya mke wangu ndiyo kabisa, haichaji. Je, nyaya hizi haziingiliani? Naweza kuunguza simu? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Kwa waya wa Taipu-C ulio mzima, usiogope kuunguza simu. Chaja huanza na volti 5, na haipandishi mpaka simu yenyewe iombe.

Kuhusu kompyuta kutoiona simu: waya kamili wa USB una njia zisizopungua nne, mbili za umeme na mbili za data. Nyaya zinazokuja na spika, tochi na feni ndogo mara nyingi huwekewa zile za umeme peke yake ili bei ishuke. Ila kabla hujauhukumu, fungua simu, vuta chini sehemu ya taarifa, uchague kuhamisha mafaili badala ya kuchaji tu. Taarifa ya USB isipotokea, chomeka waya mwingine kwenye tundu lilelile. Ikitokea, ule wa spika ufunge uzi mwekundu ubaki wa kuchajia.

Kompyuta mpakato ina hesabu yake. Kama upande mmoja wa waya ni USB bapa ya zamani, sahau. Kompyuta nyingi huhitaji volti 20, na chaja haiwezi kuzifikisha kwa njia hiyo. Waya wenye Taipu-C pande zote mbili hubeba ampea 3, yaani wati 60. Kupita hapo lazima kichwa cha waya kiwe na chipu inayoiambia chaja kwamba ampea 5 zinaruhusiwa. Bila chipu, hata chaja ya wati 100 itatoa 60.

Unene nao una maneno. Ukiwa Kariakoo, soma maandishi madogo kwenye ganda la waya: AWG ni kipimo cha unene; 28AWG ni nyembamba, 24AWG ni nene. Waya wa mita moja wa 28 ukipitisha ampea 2 hupoteza karibu volti 0.85, simu ikapata 4.15 tu na kuchaji kwa kusuasua. Wa 24 hupoteza kama 0.34. Nenda na simu yako, ujaribu kabla ya kulipa.

Usishangae pia spika ikigoma kwa waya mpya wa Taipu-C pande zote. Vifaa vya bei rahisi huachwa bila rezista mbili za kilo-omu 5.1 zinazoijulisha chaja kwamba kuna kifaa, nayo haitoi umeme. Hapo waya wenye USB bapa upande mmoja ndio dawa.

Cha kuogopa ni pini za duara, za ruta, king'amuzi na kompyuta za zamani. Huingiana, lakini moja ina volti 9, nyingine 12, nyingine 19. Volti na mchoro wa chanya na hasi vilingane. Ampea za chaja zisipungue zilizoandikwa kwenye kifaa, zikizidi si neno.