Jibu: Mtumwa aliwezaje kuwa jemadari wa Shah?

Ndugu, umeuliza inakuwaje mtumwa apewe jeshi na jimbo zima katika Uajemi (Iran ya leo) wa Wasafavi, ukoo wa kifalme ambao mfalme wake aliitwa Shah. Jibu ni kwamba utumwa wenyewe ndio uliompa sifa. Maamiri wa Kizilbashi, yaani wakuu wa wapiganaji wa makabila ya Kituruki, walikuwa na makabila na malisho yao, na kabla ya Shah Abbas wa Kwanza waliwahi kumfanya mfalme kibaraka wao. Abbas akakuza jeshi la gholamu, yaani watumwa wa Shah: Wageorgia, Waarmenia na Wacherkesi, wengi wao mateka waliosilimishwa na kulelewa kasrini. Hawakuwa na kabila la kuwakingia kifua. Kamanda wao aliitwa qullar-aghasi, na mishahara ilitoka hazina ya Shah.

Mfano mkubwa ni Allahverdi Khan, Mgeorgia. Alikuwa qullar-aghasi, kisha 1595 akapewa ugavana wa jimbo la Fars. Lile daraja la matao 33 mjini Isfahan ndilo lenye jina lake. Alipofariki 1613, mwanawe Imam Quli Khan alirithi Fars, na 1622, akisaidiwa na meli za Waingereza, majeshi yake yaliwang'oa Wareno kisiwani Hormuz. (Ndio, Wareno walewale wa Ngome ya Yesu, Mombasa.)

Ila usiwaonee wivu sana. Shah Safi, aliyetawazwa 1629, aliuogopa ukoo huo, akaamuru Imam Quli auawe pamoja na wanawe. Kabila la kudai kisasi hakuwa nalo, na hilo ndilo Abbas alilolipenda tangu mwanzo.