Umeachika na unataka kuolewa tena kanisani? Anza na mchungaji kabla ya kadi

Jamani mimi ndoa yangu ilivunjika, talaka ikatoka mahakamani, na miaka minne baadaye nikampata mtu wa maana. Tulichokosea ni kutangaza tarehe na kugawa kadi kabla ya kumuona mchungaji, nikidhani sisi Waprotestanti mahakama ikishasema basi yameisha.

Siku ya kujaza fomu, penye hali ya ndoa palikuwa na visanduku vitatu tu: hana ndoa, ana ndoa, mjane. Changu hakipo. Nikaandika pembeni "nimetalikiwa", mkono unatetemeka, katibu akasoma, akafunga faili taratibu akasema hii mpaka ipite kwa wazee.

Ndo nikajua makanisa yetu hayafanani kabisa kwenye hili. Wapo wanaosimama na Mathayo 19:9, yaani sababu ni uzinzi tu, wengine wanaongeza 1 Wakorintho 7:15, yaani aliyetelekezwa, na Wapresbiteri sababu hizo mbili wanazo kwenye Ungamo la Westminster, tamko lao la imani, tangu karne ya 17. Kanisa la Uingereza, la Kianglikana, lililegeza mwaka 2002, likaruhusu kwa hali za kipekee kumfungisha ndoa aliyeachika hata kama mwenzake wa zamani yuko hai, ila kasisi anaweza kukataa. Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, na Camilla mwaka 2005 walifunga ndoa ya serikali kwanza halafu wakaenda kuombewa kanisani, Meghan, mke wa mwanawe Harry, naye alishaachika lakini 2018 akafungishwa kanisani kabisa.

Sasa mimi mume wangu hakuzini wala hakunikimbia. Alikuwa ananipiga. Mzee mmoja akanishauri niandike uzinzi ili faili lipite, nikakataa, na wewe usikubali, maana ule ni uongo unaoandikwa juu ya baba wa watoto wako. Mwambie mchungaji ukweli wote, wako wengi siku hizi wanaosema mwenye kupiga ndiye aliyevunja agano. Nenda na hati ya talaka, uliza waziwazi: mnafungisha, mnabariki tu, au hamtaki? Meza ya Bwana nitashiriki? Kwaya je? Ukijibiwa nusunusu rudi tena.

Na watoto waingie kwenye yale mafunzo ya ndoa, angalau siku moja. Wangu alikaa kimya saa nzima, mwisho akamuuliza mchungaji, "Huyu nitamwita baba au anko?" na mchungaji akaweka Biblia chini, akamwambia, "Wewe unataka kumwitaje?"