Springi za Land Rover ya jeshi: beba kipimo, usibebe jina la gari

Msomaji mmoja wa Manyoni ameniandikia kwamba amenunua Land Rover 109 (yaani ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) iliyowahi kutumika jeshini, springi zake zimelala, bamba kuu la upande mmoja, yaani lile refu kuliko mabamba mengine ya chuma yanayounda springi, limekatika, na kila duka la spea analoingia anaambiwa kwamba vifaa vya gari hilo havipatikani tena. Ninamjibu hadharani, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Dodoma, tena kwa kicheko, na leo gari langu linakwenda Kongwa na kurudi likiwa juu ya springi za aina yake halisi.

Nilishauriwa na watu wengi nifunge springi za pikapu ya Kijapani na kuachana na usumbufu. Nilikataa. Anayefufua gari la kihistoria analifufua kama lilivyokuwa, ama sivyo anatengeneza gari jingine lenye sura ya zamani. Sisi wa mkoa huu tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengine, maana mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulitegemea mitambo iliyobaki vitani, vikiwemo vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na ukosefu wa spea ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoukwamisha.

Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, nilimpa vipimo vyote kwa maandishi. Aliniapia kwamba springi zake ni za 109. Zilipofika kwa basi, upana wa mabamba haukufikia inchi 2.5 zinazotakiwa, na fedha yangu hadi leo haijarudi. Jambo hilo bado linaniuma, na ndiyo sababu namsihi kila msomaji asilipe kabla ya kuona picha ya bamba likiwa limelazwa pembeni ya rula.

Springi nilizipata baadaye kwa mzee mmoja wa Mpwapwa, aliyekuwa na chasisi ya 109 nyuma ya ghala lake la mahindi. Sikuongozwa na duka lolote. Niliongozwa na mafundi wakongwe, ambao wanakumbuka gari lipi lilifia wapi. Waulizeni hao kwanza, kwa heshima na kwa subira, kisha waulizeni watu wa misheni na wa mashamba ya zamani, na baada ya hapo mafundi wa Arusha, ambako Land Rover zilibeba watalii kwa miaka mingi.

Mkiipata springi, tazameni ilitoka upande gani. Kwenye gari la usukani wa kulia, springi ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa kidogo, kwa kuwa inabeba dereva na tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Ukizibadilisha pande, gari litainama. Jueni pia kwamba baadhi ya 109 za jeshi la Uingereza zilifungwa shakeli (vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi) ndefu kuliko za magari ya kiraia, kwa hiyo pimeni umbali wa kati ya matundu ya shakeli kabla ya kumlaumu aliyewauzia.

Shakeli na boliti za U, zinazofunga springi kwenye ekseli, huchongwa vizuri na karakana zetu, alimradi mchongaji apewe sampuli na azingatie kwamba nyuzi zake ni za inchi. Bamba la springi ni jambo jingine kabisa. Chuma chake kimepikwa na kupozwa kwa kiwango maalumu, na mtu akilichoma kwa mkaa ili alikunje upya, au akaliunga kwa kuchomelea, ameondoa nguvu iliyolifanya liwe springi. Msikubali, hata fundi akiwa ndugu yenu.

Bushi za mpira, zinazokaa ndani ya matundu ambamo boliti za springi hupita, zinunuliwe mpya. Mpira wake umegandishwa kwenye vyuma vya ndani na nje, kwa hiyo boliti za shakeli hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Lishusheni kwanza, magurudumu yabebe uzito wote, ndipo mkaze. Vinginevyo mpira hukaa umejisokota wakati wote na kuchanika mapema. Boliti za U zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, kwa sababu mabamba yakishajipanga huacha nafasi, na boliti iliyolegea ndiyo inayoruhusu ekseli kusogea na kukata boliti ya katikati, inayoshikanisha mabamba.