Maswali ya Wasomaji: Boti Moja Kuorodheshwa Mara Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza programu ya simu inayowaonyesha abiria boti zinazoondoka Mokowe kuja Lamu, nayo hupata taarifa kutoka Firebase Realtime Database, hifadhidata ya mtandaoni ya Google, kwa onChildAdded, amri ya kusikiliza kila kinachoongezwa humo. Kila nikitoka kwenye ukurasa wa boti na kurudi, boti ileile huorodheshwa mara mbili, kisha tatu, na bando huisha upesi. Je, niache njia hii, niwe nasoma data upya kila baada ya sekunde chache?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Usiiache njia hiyo, ndugu yangu. Kusoma upya kila mara ni kuuliza hata pasipo na jipya, ilhali onChildAdded hutumia kolibeki, yaani funksheni (kipande cha programu) unayoikabidhi hifadhidata ili iiite yenyewe data inapobadilika. Muunganisho hubaki wazi, na seva hutuma kilichobadilika tu.

Kasoro iko kwenye usajili. Pindi unapoisajili kolibeki kwa onChildAdded, huitwa mara moja kwa kila boti iliyomo tayari, kisha kwa kila boti mpya. Ukirudi ukurasani unasajili nyingine wakati ya kwanza ingali hai, kwa hiyo boti zote huandikwa tena, na boti mpya itakayoingia itaandikwa na kolibeki zote mbili. onChildAdded hukurejeshea funksheni ya kuvunja usajili: ihifadhi, uiite ukurasa unapofungwa. Tena iandike kila boti kwa ufunguo wake wa hifadhidata, yaani jina lake la kipekee humo, ili ikija mara ya pili ichukue nafasi yake ileile badala ya kuongezwa chini ya orodha.

Bando nashuku linaliwa na safari za zamani, kwani ukisikiliza tawi zima (sehemu ya hifadhidata yenye safari zote), programu hupakua kila kilichomo inapofunguliwa. Tenga tawi la kila siku, au tumia limitToLast, inayoleta idadi uliyoitaja ya zile za mwisho tu.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni kwamba kolibeki ya onChildAdded haiitwi pale boti iliyomo inapobadilika. Nafasi zikijaa, abiria aliyeko gatini Mokowe ataendelea kuonyeshwa kwamba zipo, mpaka usajili kolibeki pia kwa onChildChanged, na kwa onChildRemoved kwa ajili ya boti iliyofutwa. Kila moja uivunje vilevile. Uipe pia kolibeki ya hitilafu, ambayo huitwa pale kanuni za usalama za hifadhidata zinapokataa ombi. Bila hiyo abiria ataona ukurasa mtupu na kudhani hakuna boti.